Shoti, Ardhi na Radi: Istilahi za Kusimika Mabango ya Diodi Kando ya Ziwa Viktoria

Mabango ya matangazo si jambo jipya katika miji yetu. Ya kwanza yalikuwa ya bati na mbao, yakiandikwa kwa brashi na mafundi wa rangi. Baadaye yakaja ya karatasi, kisha ya turubai lililochapwa kwa mashine na kukazwa juu ya fremu ya chuma. Yote hayo yalifanana katika jambo moja, kwamba hayakuwa na umeme ndani yake, ila pengine taa mbili tatu za kuyamulika usiku. Likianguka, lilianguka kama ubao uangukavyo. Na fundi aliyepanda kulibandua hakuwa na la kuogopa isipokuwa ngazi yake.

Bango lililoingia mijini katika miaka hii ni la namna nyingine. Lenyewe ni chombo cha umeme, nalo hutundikwa mahali penye watu wengi: kwenye vituo vya mabasi, kwenye kipilefti, mbele ya masoko, juu ya mapaa ya maduka. Huwaka mchana na usiku, hunyeshewa mvua, na hupigwa na upepo. Aghalabu hutengenezwa China, hasa Shenzhen, na kijitabu chake cha maelekezo hutungwa kwa Kichina, hutiwa katika Kiingereza kisichonyooka, kisha hufika mezani kwa mfasiri wetu kikitakiwa kiwe Kiswahili. Kwa hiyo anayesimika bango hilo Mwanza, kama hasomi Kiingereza, huongozwa na maneno yaliyopita mikono mitatu.

Makala haya yanahusu maneno hayo. Tangu mwaka 2021, sheria iliporekebishwa na Kiswahili kufanywa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, haitoshi tena kwa afisa wa halmashauri kuandika masharti ya kibali kwa Kiingereza na kumwachia fundi ayatafsiri kwa mdomo. Sharti likiandikwa kwa Kiswahili, basi Kiswahili hicho ndicho kitakachosomwa siku ya ajali. Mapendekezo yatolewayo hapa si istilahi zilizosanifiwa. Kusanifisha ni kazi ya Baraza la Kiswahili la Taifa kwa mujibu wa Sheria Na. 27 ya 1967. Nia yetu ni kuonyesha mahali ambapo neno moja limebeba mambo mawili, na jinsi kila moja la mambo hayo linavyoweza kuua kwa njia yake.

Chombo chenyewe

Bango hili limeundwa kwa maelfu ya taa ndogo mno. Kila taa ni diodi, yaani kipande cha maada kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, na ambacho mkondo ukipita hutoa mwanga. Diodi nyekundu, ya kijani na ya buluu zikikaribiana, jicho la mtu aliye mbali huziona kuwa nukta moja yenye rangi yoyote itakiwayo. Rangi ya buluu ndiyo iliyochelewa kupatikana. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuitengeneza, na bila kazi yao bango la rangi zote lisingekuwako.

Wengi husema «skrini ya LED», wakitamka herufi tatu za Kiingereza. Wengine husema «bango la kielektroniki», nalo si baya ila ni pana mno. Mizani ya sokoni nayo ni ya kielektroniki. «Bango la mwanga» lingefaa kama lisingechanganywa na sanduku la kioo lenye taa ndani. Sisi tutatumia bango la diodi, maana hutaja kile kinachowaka. Nukta moja ya rangi tutaiita pikseli, kama wafanyavyo mafundi wa kompyuta.

Ndani ya bango umeme huwa katika hali mbili, na hapana budi msomaji azishike hali hizo kwa sababu mengi yatakayofuata yanazitegemea. Umeme wa TANESCO huingia kwa msongo wa volti 230. Neno msongo ndilo linalotumiwa na TANESCO lenyewe linapotaja njia zake za kilovolti 33 au 220. Vitabu vya shule husema «volteji». Maadam shirika lenye nguzo limekwisha kulizoeza taifa neno la asili, hatuoni sababu ya kuliacha. Umeme huo wa volti 230 hupitia katika vigeuzi, navyo huushusha hadi volti 5 hivi, ambao ndio diodi huutumia. Kigeuzi kimoja cha wati 200 hutoa kwa volti 5 mkondo wa ampea 40. Ampea 40 ni mkondo mkubwa: unatosha kuyeyusha waya mwembamba na kuwasha plastiki.

Neno shoti

Katika Kiswahili cha kila siku cha Tanzania, mtu akigusa waya na kutikiswa husema amepigwa shoti. Nyumba ikiungua kwa sababu nyaya mbili zimegusana, magazeti huandika kwamba chanzo ni shoti ya umeme. Hayo ni matukio mawili. La kwanza ni umeme kupita katika mwili wa mtu. La pili ni umeme kuacha njia yake, kupita njia ya mkato isiyo na ukinzani, na kuwa mkondo mkubwa unaochoma. Mazungumzo hayapotei sana kwa sababu hiyo, kwa kuwa aliyeungua na aliyetikiswa hujulikana kwa macho. Lakini tuutazame mwongozo wa bango.

Upande wa volti 5 hauwezi kumdhuru mtu anayeugusa kwa mkono. Msongo wake ni mdogo mno. Kwa hiyo ni kweli kusema kwamba upande ule hakuna hatari ya mtu kupigwa na umeme. Lakini upande ule ule, bisibisi ikiangukia kati ya vipande viwili vya shaba, ampea 40 zitapita humo, na moto utaanzia ndani ya bango lililofungwa, juu ya paa la duka, mahali pasipoonekana mpaka moshi utoke. Mfasiri akiandika «upande wa volti 5 hauna hatari ya shoti», ameandika sentensi ambayo ni kweli kwa maana moja na ni uongo wa hatari kwa maana ya pili. Fundi akiisoma atafanya kazi bila kukata umeme, na wala hatakuwa amekosea kusoma.

Dawa iliyopata kupendekezwa ni «sakiti fupi» kwa maana ya pili. Hatuioni kuwa dawa. Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno, na fundi anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni waya mfupi. «Mkato wa umeme» lingekuwa zuri, kwa kuwa Kiswahili kina «njia ya mkato» tangu hapo. Lakini wananchi wanapolisikia hukumbuka mgao na kukatika kwa umeme. Tunaona afadhali neno shoti lenyewe libaki, lakini libaki na kazi moja tu, ile ya umeme kupita njia ya mkato na kuchoma. Linalompata mtu liitwe mshtuko wa umeme, ambalo tayari limo katika matumizi. Mwongozo ukifuata mgawanyo huo toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ile sentensi itaandikwa hivi: «Upande wa volti 5 hauna hatari ya mshtuko, lakini una hatari kubwa ya shoti.» Maneno ni machache, na fundi ataufunga mdomo wa bisibisi yake kwa utepe.

Mgawanyo huo huingia pia katika vyombo vya kinga. Mafundi huita «breka» vitu viwili visivyofanana. Kimoja hukata umeme mkondo unapozidi kiasi, yaani hulinda nyaya dhidi ya shoti na dhidi ya kuelemewa. Cha pili hupima kama mkondo uliokwenda umerudi wote, na kikikuta upungufu, mathalani wa miliampea 30, hukata kwa kasi, kwa kuwa upungufu huo huenda unapita katika mwili wa mtu. Cha kwanza hakimwokoi mtu: mkondo unaotosha kuusimamisha moyo ni mdogo mara mia kadhaa kuliko ule unaokifanya kikate. Kiswahili husema kwa ufasaha kwamba umeme «unavuja», basi cha pili kiitwe kikatizi cha mvujo, na cha kwanza kikatizi cha mzidio. Sharti la kibali likisema tu «bango liwe na breka», mwenye bango ataweka cha kwanza, ambacho ni rahisi, na atakuwa ametimiza sharti.

Waya wa ardhi na waya wa ardhini

Fremu ya chuma ya bango hutakiwa kuunganishwa na ardhi, ili waya ukichubuka na kuigusa fremu, umeme upate njia ya kwenda ardhini na kikatizi kikate, badala ya fremu kubaki na volti 230 ikimngoja mtoto aiegemee. Waya wa kazi hiyo huitwa na mafundi kwa neno la Kiingereza, kila mtu na matamshi yake. Vitabu huuita «waya wa ardhi». Nao waya unaofukiwa chini ya barabara kupeleka umeme kwenye bango huitwa «waya wa ardhini». Silabi moja tu inatofautisha waya usiotakiwa kuwa na umeme na waya wenye umeme wakati wote. Katika karatasi iliyochapwa vibaya, au kwa mtu anayesoma kwa haraka huku amekalia nguzo, silabi hiyo hupotea.

Hatari ya pili imo katika rangi. Nyumba nyingi za zamani zina nyaya za utaratibu wa Kiingereza: nyekundu ni ya umeme, nyeusi ni ya kurudishia, kijani ni ya ardhi. Uingereza yenyewe iliacha utaratibu huo, na tangu mwaka 2006 usimikaji mpya huko hufuata rangi za kimataifa: kahawia ni ya umeme, buluu ni ya kurudishia, kijani chenye mistari ya manjano ni ya kinga. Vyombo vitokavyo China kwa kawaida hufuata rangi hizo mpya. Sasa, mfasiri asiye mwangalifu huweza kuiita rangi ya kahawia «rangi ya udongo», kwa kuwa watu wengi husema hivyo. Matokeo yake ni kwamba waya wenye umeme umepewa jina la udongo, na waya unaokwenda kwenye udongo una rangi ya majani. Hapana haja ya kueleza zaidi. Katika maandishi ya umeme rangi hiyo iitwe kahawia peke yake, hata «hudhurungi» iachwe, si kwa sababu ni neno baya, bali kwa sababu majina mawili kwa waya mmoja ni jina moja la ziada.

Nyeusi nayo ina mtego wake. Katika utaratibu wa zamani nyeusi haikuwa ya kuogopwa sana. Katika utaratibu mpya, umeme wa fezi tatu una kahawia, nyeusi na kijivu, na zote tatu zina umeme. Bango kubwa huhitaji fezi tatu. Mwalimu wa ufundi anayefundisha kutoka kitabu cha miaka ya 1970 anapaswa kulieleza jambo hili darasani kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kufungua kitabu.

Tunapendekeza waya uitwe waya wa kinga, kwa kuwa kazi yake ni kumkinga mtu; chuma kinachopigiliwa chini kiitwe fimbo ya ardhi; na kitendo chenyewe kiwe kuunganisha na ardhi. «Waya wa ardhi» usiandikwe kabisa.

Mwanza fimbo hiyo ina mashaka yake. Mji huu umejengwa juu ya matale na kati ya mawe. Itale kavu haipitishi umeme vizuri, na fimbo yenyewe haipigiliki. Fundi aliyezoea udongo wa mfinyanzi wa mabondeni atapigilia nusu mita, fimbo itagota, ataikata na kuifunika kwa saruji, na kwa macho kazi itaonekana imekamilika. Mwongozo utafsiriwapo kwa ajili ya mahali kama hapa haufai kusema «pigilia fimbo» na kuishia hapo. Useme ukinzani upimwe. Pasipochimbika, ukanda wa shaba ulazwe mbali katika udongo wenye unyevu, au fimbo kadhaa ziunganishwe pamoja, au shimo lijazwe udongo unaoshika maji. Kwa kinga ya radi, viwango vya IEC, yaani Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, hushauri ukinzani usiozidi omu 10. Juu ya itale, kuufikia ukinzani huo ni kazi ya siku kadhaa.

Umeme ambao si umeme

Neno umeme, kabla ya kuwa jina la nguvu inayowasha taa, lilikuwa jina la mmweko wa mawinguni, na mzizi wake unaonekana bado katika kumeta na kumetameta. Lugha ilifanya vizuri kulikopesha neno lake kwa kitu kipya, maana ni kitu kile kile. Lakini deni hilo bado linadaiwa. «Kinga ya umeme» ni kinga dhidi ya nini? Katika vijitabu tulivyovisoma, maneno hayo hutumiwa kwa kikatizi, kwa glavu za mpira, na kwa chuma kinachosimamishwa juu ya jengo ili kupokea radi. Pale mwongozo usemapo «bango liwe na kinga ya umeme», mwenye bango anaweza kuonyesha kikatizi na kudai ametimiza.

Kando ya Ziwa Viktoria neno hili si la kuchezea. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: pepo hutoka pande zote za pwani na kukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda, na mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hutokea usiku na alfajiri, kama wajuavyo wavuvi wa dagaa ambao kazi yao ni ya usiku huo huo. Na bango lililo juu ya paa au kilimani ndilo chuma kirefu kuliko vyote mahali pale.

Kwa hiyo cha mawinguni kiitwe radi wakati wote katika maandishi ya ufundi, na umeme uachiwe nyaya. Kinachopokea radi na kuipeleka ardhini kiitwe kipokea radi. Lipo jambo la tatu ambalo halina jina. Radi ikipiga mbali, hata nusu kilomita, msongo katika nyaya hupanda ghafla kwa sehemu ndogo mno ya sekunde na kuua vigeuzi vyote. Mfasiri mmoja aliuita «mfumuko wa volteji», bila shaka akikumbuka mfumuko wa bei. Lakini bei hufumuka kwa miezi. Jambo hili huja na kwisha kabla ya kope kufumba. Mruko wa msongo laeleza vizuri zaidi, na chombo chake ni kizuia mruko. Isisahaulike kwamba kizuia mruko hufanya kazi kwa kuutupa mruko ardhini. Penye fimbo iliyogota kwenye jiwe na kukatwa, hakina pa kuutupa.

Upepo, jiwe na mwamba

Hapa tutapita kwa haraka, kwa kuwa wahandisi wa ujenzi wana maandishi yao. Ila maneno mawili yanatuhusu.

La kwanza ni mzigo. Vijitabu husema «mzigo wa juu kabisa», na msomaji hana njia ya kujua kama ni kilo, ni wati, au ni nguvu ya upepo. Tuseme uzito wa bango, matumizi ya umeme, na msukumo wa upepo. Huo wa mwisho ndio husahauliwa. Bango lenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 likipigwa na upepo wa mita 30 kwa sekunde, ambao ni upepo wa dhoruba, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja, na upepo ukiongezeka maradufu nguvu hiyo huwa mara nne. Bango la turubai katika dhoruba kali huchanika, na kwa kuchanika huziokoa nguzo zake. La diodi halichaniki. Hubeba upepo wote na kuupeleka kwenye msingi. Tarehe 13 Mei 2024, huko Ghatkopar katika jiji la Mumbai, bango lililokuwa na upana na kimo cha futi 120, wakati kipimo kilichoruhusiwa kilikuwa futi 40, liliangushwa na dhoruba juu ya kituo cha mafuta na kuua watu 17. Halikuwa kosa la umeme hata kidogo.

La pili ni la Kiswahili chenyewe, nacho kinajua kuliko Kiingereza. Kiingereza kina neno moja pale Kiswahili kinapotofautisha mwamba, ambao umeshikamana na nchi, na jiwe, ambalo limekaa tu. Atakaye kuona tofauti hiyo na alitazame Jiwe la Bismarck pale ziwani, lilivyopanda juu ya mawe mengine. Mwongozo ukisema boliti zifungwe kwenye «mwamba», mkaguzi ana haki ya kuuliza: ni mwamba, au ni jiwe? Jiwe kubwa kama nyumba laweza kuonekana limetulia milele, na chini yake pana mchanga unaochukuliwa na maji kila masika.

Maji, wadudu na kiwi

«Isiyopenya maji» ni ahadi kubwa kuliko inayotolewa na mtengenezaji. Viwango hutumia herufi IP na tarakimu mbili, ya kwanza kwa vumbi na ya pili kwa maji. IP65 maana yake vumbi haliingii kabisa na chombo huhimili maji yarushwayo kwa bomba kutoka upande wowote. Si kwamba chaweza kuzamishwa. Tena, mara nyingi uso wa bango ni IP65 na mgongo wake ni IP54, yaani mgongo huhimili maji yanayorashia tu. Mvua ya ziwani haichagui uso na mgongo. Tuandike «hustahimili maji yarushwayo», na tutaje tarakimu za pande zote mbili. Yale maonyo marefu juu ya chumvi ya bahari yanaweza kufupishwa katika toleo la Mwanza, kwa kuwa ziwa letu ni la maji baridi. Nafasi ipatikanayo ipewe wadudu.

Nasema wadudu kwa makusudi. Wavuvi wa ziwa huwasha karabai, na siku hizi taa za diodi, kuwavuta dagaa, na mwanga huo huo huwavuta wadudu wadogo ambao katika majira yao hupaa juu ya maji kama moshi. Bango kubwa linalowaka usiku kando ya ziwa ni karabai isiyo na mvuvi. Wadudu hujaa katika matundu ya hewa, feni hukwama, vigeuzi hupata joto, na mizoga yenye unyevu juu ya vipande vya shaba ni njia nzuri ya shoti. Kijitabu cha Shenzhen hakina sura hiyo. Ni haki ya mtoleaji wa Kiswahili kuiongeza.

Kuhusu mwanga wenyewe, Kiswahili kina neno ambalo wafasiri wamelisahau: kiwi. Macho hutiwa kiwi na mwanga mkali, na mtu hubaki haoni vizuri kwa kitambo. Vijitabu vyetu husema «mwangaza unaosumbua madereva», maneno matatu kwa kazi ya moja. Mchana bango huhitaji kung'aa kwa kandela elfu kadhaa kwa mita ya mraba ili lishindane na jua. Usiku mia chache zatosha. Lisipopunguzwa giza liingiapo, dereva wa daladala aingiaye kwenye kipilefti hutiwa kiwi sekunde ile ile mwendesha bodaboda anapokatiza mbele yake. Sharti liandikwe: «Bango lipunguze mwanga lenyewe wakati wa usiku ili lisiwatie madereva kiwi.» Na picha zake zisimweke zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa.

Kuzima

Limebaki neno ambalo kila mtu hudhani analijua. Tunazima moto, tunazima taa, tunazima simu. Bango la diodi likionyesha picha nyeusi, au kompyuta yake ikikatika, limezima kwa macho ya kila mpita njia, na ndani yake volti 230 zimo zote. Mwongozo ukisema «zima bango kabla ya kufungua mlango wa nyuma», fundi atabonyeza kitufe, bango litakuwa jeusi, naye ataingiza mkono.

«Kata umeme» ni afadhali, ijapokuwa kwa wengi hukumbusha TANESCO na deni. Linalofaa ni kutenga: umeme umetengwa pale swichi maalumu inapoziachanisha nyaya zote na njia ya umeme, swichi ikafungwa kufuli, na ufunguo ukawa mfukoni mwa yule aliye juu ya ngazi, si kwa mlinzi wala kwa mwenye duka. Kisha hupimwa kwa testa, kwa sababu hata swichi hudanganya. Swichi hiyo iitwe swichi ya kutenga. Kazi yenyewe, kwa sheria, ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na sehemu ya kusimamisha bango isiwe ndani ya mkuza wa njia ya umeme wala katika hifadhi ya barabara bila idhini ya wenye barabara.

Kila bango lina mlango wa nyuma, na kwa kawaida juu yake pamebandikwa karatasi ya onyo kwa Kichina na Kiingereza. Pale pawekwe kibao cha bati, kilichoandikwa kwa rangi isiyofutwa na mvua, kwa maneno haya:

HATARI. UMEME WA VOLTI 230.
BANGO LIKIWA JEUSI BADO LINA UMEME.
TENGA UMEME. FUNGA KUFULI. PIMA KWA TESTA. NDIPO UFUNGUE.

Mstari wa pili uandikwe kwa herufi kubwa kuliko mingine, usomeke na mtu aliye chini kabla hajaweka mguu kwenye ngazi.